Kadi ya Zamani Ikizimika, Pima Umeme Kwanza

Kadi ya michoro ya Voodoo5 5500 ilitoka mwaka 2000 ikiwa na chipu mbili za VSA-100 na, pembeni yake, plagi ya umeme ya pini nne kama ile ya diski kuu. Plagi hiyo ilikuwa na sababu yake. Tundu la AGP, ambamo kadi huchomekwa kwenye ubao mama, lina mipaka: ampea 6 kwenye laini ya volti 3.3, ampea 2 kwenye volti 5 na ampea 1 kwenye volti 12. Desemba mwaka huohuo, kampuni ya 3dfx iliyoitengeneza ilitangaza kuuza mali zake kwa NVIDIA, hivyo kadi inayotupwa leo haitapata mbadala wake kiwandani. Ndiyo maana nashikilia kwamba kadi ya namna hii ikizimika ghafla mchezo unapoanza, isihesabiwe kuwa imekufa kabla ya kupimwa njia yote ya umeme, kutoka pawa saplai hadi kwenye chipu, huku kadi ikiwa kazini.

Hitilafu yenyewe hutoa ushahidi wa kwanza. Chipu iliyoungua mara nyingi huchafua picha tangu kompyuta inapowashwa. Kadi inayoonyesha Windows vizuri kisha ikaanguka mara michoro ya pande tatu inapoanza inatuelekeza kwingine, kwa kuwa wakati huo mkondo wa umeme hupanda na kufichua ukinzani uliojificha. Tuchukulie pini iliyolegea yenye ukinzani wa omu 0.05. Ampea 1 ikipita, hupotea volti 0.05 tu, na anayepima kompyuta ikiwa imetulia ataona mambo yote ni sawa. Zikipita ampea 5, hupotea volti 0.25, na ile volti 5 hushuka hadi 4.75, ambayo ndiyo mpaka wa chini kabisa unaoruhusiwa na kiwango cha ATX. Hapo hapo wati 1.25 hugeuka joto ndani ya pini, na plastiki inayoizunguka huweza kubadilika rangi na kuwa kahawia.

Wapo wanaosema dawa ni kununua pawa saplai mpya yenye wati nyingi. Hoja hiyo ina nguvu pale pawa saplai ya zamani imechoka, lakini jumla ya wati haisemi wati hizo ziko laini ipi. Mbao mama nyingi za prosesa za Athlon za miaka ile zilichota umeme wa prosesa hizo kutoka laini ya volti 5, na pawa saplai za wakati huo ziliipa laini hiyo nguvu kubwa. Tangu kiwango cha ATX12V kilipoanza mwaka 2000, mzigo ulihamia polepole kwenye volti 12. Pawa saplai ya kisasa yenye wati 650 inaweza basi kuwa na ampea chache kwenye volti 5 kuliko ya zamani yenye wati 300. Kinachopaswa kusomwa ni ampea za kila laini zilizoandikwa kwenye lebo.

Wengine watasema maltimita imeonyesha volti 5 hata mchezo ukiendelea, kwa hiyo umeme ni mzima. Maltimita huonyesha wastani, ilhali chipu huumizwa na mawimbi ya haraka ambayo kapasita zinatakiwa kuyatuliza. Kapasita za elektroliti hukauka kadiri miaka na joto vinavyozidi, na ukinzani wake wa ndani hupanda hata kama hazijavimba. ATX huruhusu mawimbi ya milivolti 50 tu kwenye volti 5, na osiloskopu ndiyo inayoyaonyesha.

Haya yote yanaupa ukaguzi mpangilio wake: kusafisha pini na plagi, kusoma lebo, kupima volti kwenye kadi yenyewe ikiwa na mzigo, kisha kuchunguza kapasita. Pawa saplai yenyewe isifunguliwe na asiye na ujuzi, kwani kapasita zake kubwa huhifadhi umeme wa kuua hata baada ya waya kuchomolewa. Hatua hizi hazigharimu sana, na hakuna hata moja inayohitaji kung'oa chipu. Kung'oa chipu ni kazi ya hatari isiyorudishika, na kwa kadi zisizotengenezwa tena, inastahili kungoja hadi vipimo viitake.