Bonde la Msimbazi: Fedha za Mafuriko na Lawama Zinazozunguka

Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu, Kisarawe, hukatiza Dar es Salaam kwa takriban kilomita 35 na kuingia baharini penye Daraja la Selander. Njiani hupokea maji ya Kibangu, Luhanga, Mto Ng'ombe na vijito vingine vinavyotoka Ubungo, Sinza na Tabata. Jangwani, pale bonde linapotanuka na kuvukwa na Barabara ya Morogoro, ndipo sehemu kubwa ya maji hayo hukusanyika. Mvua ikizidi barabara hufungwa, na Kariakoo, soko linalouzia mikoa na nchi jirani, hutengwa na wateja wake wa Magomeni, Ubungo na kwingineko.

Mafuriko ya Aprili 2018 peke yake yalikadiriwa na Benki ya Dunia kulitia jiji hasara ya zaidi ya dola milioni 100, sawa na asilimia 2 hivi ya pato lake. Sehemu kubwa ya hasara ya namna hii haionekani katika hesabu za serikali. Imo katika magodoro yaliyoloa, mitaji ya mama lishe iliyosombwa na siku za vibarua zilizopita bila ujira. Kwa kuwa hakuna kasma inayoibeba, fedha za kuzuia mafuriko huonekana ghali kila bajeti inapojadiliwa, ilhali gharama ya kutozuia hulipwa kimyakimya na kaya, ambazo nyingi hazina bima.

Ugumu wa kwanza ni kumjua mwenye kazi. Mitaro ya barabara kuu iko chini ya wakala wa barabara, TANROADS. Ile ya barabara za mitaa iko chini ya TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017. Mto wenyewe ni wa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, kingo zake zinasimamiwa na baraza la mazingira, NEMC, kwa sheria ya mazingira, majitaka ni ya mamlaka ya maji, DAWASA, na taka ngumu pamoja na vibali vya ujenzi viko mikononi mwa halmashauri. Halmashauri zenyewe ni tano, na tangu Februari 2021, ilipovunjwa Halmashauri ya Jiji ya zamani na Ilala kupewa hadhi ya jiji, hakuna baraza moja la madiwani linalobeba jiji zima. Maji ya Ubungo huwafurisha watu wa Ilala na Kinondoni, lakini diwani wa Ubungo hapigiwi kura na hao waliofurikiwa. Katika mpangilio kama huu kutupiana mpira hakuhitaji hila yoyote. Kila ofisi inaweza kusema kweli tupu kwamba mtaro ulioziba ni wa mwenzake.

Fedha nazo zimegawanyika vivyo hivyo. TARURA hutegemea tozo ya mafuta, ambayo kwa mgawo wa kawaida huipa asilimia 30 na kuiachia TANROADS asilimia 70, ingawa mwaka 2021/22 iliongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Kodi ya majengo, ambayo katika miji mingi duniani ndiyo hugharimia mitaro, ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato, na tangu Agosti 2021 hukatwa mwananchi anaponunua umeme kwa LUKU. Ukusanyaji umekuwa rahisi, hilo halina ubishi. Kilichokatika ni uhusiano kati ya nyumba inayotozwa na mtaro unaopita mbele yake.

Ndiyo maana kazi kubwa zimefanywa kwa mikopo. Mradi wa kuendeleza jiji, DMDP, ulioidhinishiwa dola milioni 300 na Benki ya Dunia mwaka 2015, ulijenga barabara na mitaro katika Ilala, Kinondoni na Temeke, ukiwemo mfereji wa zege wa Mto Ng'ombe. Mwaka 2022 ukafuata mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi wenye thamani ya dola milioni 260: Benki ya Dunia dola milioni 200, na zilizobaki kutoka Hispania na Uholanzi. Mpango wake ni kupanua na kuchimba njia ya mto katika sehemu ya chini, kuinua daraja la Jangwani, kuacha eneo la hifadhi litakalokuwa bustani ya jiji, na kutumia udongo uliochimbwa kuinua ardhi ya pembeni iweze kujengwa. Kwa hesabu za kiuchumi ni wazo zuri: ardhi iliyo kilomita chache kutoka Posta, katikati ya jiji, ina thamani kubwa, mradi isifurike.

Kuhusu lawama, historia ni ndefu. Mpango kabambe wa jiji wa mwaka 1979 uliliweka bonde hili katika maeneo hatarishi. Watu waliendelea kujenga, na dola ikawafuata na huduma: umeme, maji, shule, hata madai ya kodi. Mvua za Desemba 2011 ziliua zaidi ya watu 40, na serikali ikawapa waathirika viwanja Mabwepande, mbali na kazi zao. Baadhi walirudi mabondeni. Desemba 2015 ikaja bomoabomoa. Nyumba ziliwekwa alama ya X nyekundu kwa hoja ya sheria ya mwaka 2004 inayokataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, hadi Mahakama Kuu iliposimamisha kwa muda sehemu ya zoezi hilo Januari 2016. Mwaka 2024, baada ya mvua za El Niño, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kuwa watu 155 wamekufa nchini, na akataja uharibifu wa mazingira miongoni mwa sababu.

Maelezo hayo yana ukweli, lakini hayakamiliki. Karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa Jangwani, katikati ya bonde lilelile ambalo wananchi waliambiwa halifai kujengwa, ikaanza kutumika mwaka 2016 na kufurika mara kwa mara hadi mabasi kuharibika. Kuihamishia Ubungo Maziwa ni sehemu ya mradi mpya. Umma umekopa mara mbili: kwanza kujenga mahali pasipofaa, kisha kuhama. Hakuna kibanda cha bondeni kilichoigharimu hazina kiasi hicho.

Mradi mpya umebadilisha jambo moja la maana. Masharti ya mkopeshaji hutaka mwenye nyumba alipwe kwa jengo lake hata asipokuwa na hati, jambo ambalo bomoabomoa ya 2015 haikulijua. Ubishi umehamia kwenye viwango vya fidia, ambao ni ubishi wenye afya kuliko ule wa X nyekundu.

Kinachobaki dhaifu ni matunzo. Vilima vya Pugu ni vya udongo wa kichanga. Kila masika hushusha mchanga unaojaza mifereji, na juu yake huja taka za plastiki. Vijana huuchota mchanga huo na kuuuza kwa malori ya ujenzi. Uchimbaji holela hubomoa kingo na misingi ya madaraja, lakini uchimbaji uliopangiwa mahali na kina hupunguza gharama ya kusafisha mto na kuacha fedha mtaani. Sera imeyumba kati ya kupiga marufuku na kutoa vibali, bila kuamua kama mchanga ni uhalifu au ni mali. Kuzibua mitaro, kwa upande wake, hakuna jiwe la msingi wala utepe wa kukata, na mikopo mikubwa kwa kawaida hugharimia ujenzi, si kazi za kila mwaka.

Kwa hiyo kipimo cha kweli cha kinga ya mafuriko Dar es Salaam si dola milioni 260. Ni kasma ya usafishaji katika bajeti za TARURA na za halmashauri tano, na jina la afisa atakayeulizwa Machi mitaro ikiwa bado imejaa. Bila viwili hivyo, mfereji mpya wa Msimbazi utajaa mchanga kabla mkopo wake haujamalizika kulipwa.