Mtakatifu Yosefu Mukasa mbele ya Kabaka

Katika Ufalme wa Buganda, Kabaka ndiye aliyewapa machifu wengi vyeo na kuwavua apendavyo. Nao walipeleka wana wao ikulu wakamtumikie. Huko ndiko alikolelewa Mtakatifu Yosefu Mukasa Balikuddembe, hata akawa msimamizi wa vijana hao.

Mwezi Oktoba 1885 Kabaka Mwanga II aliagiza Askofu wa Kianglikana James Hannington auawe huko Busoga. Mukasa akamkemea mfalme wake: imekuwaje mtu auawe pasipo kupewa nafasi ya kujitetea? Itambulike kwamba hakuwa akimtetea Mkatoliki mwenzake.

Hoja hiyo Waingereza waliiandika mwaka 1215 katika Magna Carta, Askofu Mkuu Stephen Langton akiwa msuluhishi: mtu huru asikamatwe ila kwa hukumu ya halali. Mfalme John aliikubali kwa kuwa makabaila walimjia na silaha. Mukasa hakuwa na jeshi. Tarehe 15 Novemba 1885 alikatwa kichwa, mwili wake ukachomwa moto. Uongozi wa vijana Wakristo wa ikulu ulimwangukia Karoli Lwanga, ambaye pamoja na wenzake tunamwadhimisha kila tarehe 3 Juni.