Mdudu wa Nairobi Aliyepewa Jina London

Mnamo Oktoba 2019 vyombo vya habari vya Ulaya vilitangaza kwa shangwe jina la mbawakawa mpya: Nelloptodes gretae. Walimu wenzangu hapa Ishiara walioipata habari hiyo walijadili zaidi Greta Thunberg, yule msichana wa Uswidi mtetezi wa mazingira, ambaye mdudu huyo aliitwa kwa heshima yake. Wachache mno walitambua kwamba mdudu mwenyewe ni Mkenya.

Udongo na majani makavu alimokuwa vilichotwa Nairobi na mtaalamu William Block mnamo 1964 na 1965. Mwaka 1978 mkusanyiko huo ukaingia katika Makumbusho ya Historia ya Asili mjini London. Huko ukakaa hadi Michael Darby alipoutia chini ya hadubini. Zaidi ya nusu karne ilipita kabla kiumbe huyo hajawa na jina.

Si ajabu. Urefu wake ni milimita 0.79 tu. Punje moja ya mawele tunayopanda huku Mbeere ingewabeba wawili wamelala mstari mmoja, na nafasi ikabaki. Hana macho wala mbawa. Ni wa jamii ya mbawakawa wadogo kuliko wote duniani, ambao hula vijimbegu vya kuvu katika majani yanayooza.

Wanafunzi huniuliza: je, kumwona mdudu hakutoshi? La, hakutoshi. Anayedai kupata spishi mpya sharti amlinganishe na jamaa zake wote wanaojulikana, aeleze kwa maandishi wanavyotofautiana, ampe jina la maneno mawili kwa kanuni za Kilatini, kisha achapishe. Aidha, mdudu mmoja huteuliwa kuwa kielelezo cha jina hilo daima. (Hiyo -ae ya mwisho, kwa wapenzi wa sarufi, huonyesha kuwa aliyeheshimiwa ni mwanamke.)

Simwonei kijivu msichana yule, wala simlaumu Darby. Aliyetoa jasho ndiye atoaye jina. Linaloniuma ni kwamba mwanafunzi wa Ishiara akiokota leo mdudu anayefanana na huyo, hana budi kubisha hodi London ili amlinganishe na kielelezo chenyewe.

Na huenda akaokota. Tazama Kilima cha Kiang'ombe. Huku chini ni jua, vumbi na ndengu. Kule juu kuna msitu na majani yaliyorundikana chini ya miti. Kwa mdudu wa milimita moja asiye na mbawa, nchi kavu iliyokizingira kilima hicho ni sawa na bahari. Hawezi kuvuka kwenda misitu ya Mlima Kenya kutafuta mchumba. Viumbe waliotengwa namna hiyo kwa vizazi vingi hubadilika, na yamkini wako huko wasiopatikana kwingineko. Basi anayekata miti kule juu achome makaa, au anayeacha moto upande mlima, huenda anafuta spishi nzima ambayo hakuna aliyewahi kuiandika. Hasara ya namna hiyo haina hata wa kuililia, maana aliyekufa hakuwa na jina.

Vifaa vya kuanzia si vya anasa. Majani yaliyooza huwekwa juu ya chekecheke, chini yake faneli, na chini kabisa chupa yenye spiriti. Wataalamu huwasha taa juu yake. Sisi tuna jua la Ishiara. Wadudu hukimbia joto na ukavu, wakashuka na kutumbukia chupani. Kisha huandikwa kibandiko: mahali, tarehe, aliyekusanya. Bila kibandiko, mdudu huyo ni takataka. Penye kibandiko, chupa yaweza kupelekwa kwa wataalamu wa Makumbusho ya Taifa, Nairobi, nao wakaianzia kazi pale sisi tulipokomea.