Mtama wa Jinja, kahawa ya Mbale

JINJA/MBALE. Mwaka 2002 kampuni ya Nile Breweries, yenye kiwanda Njeru, ng'ambo ya mto kutoka mjini Jinja, iliingiza sokoni bia ya Eagle Lager. Mitambo ilikuwa ya bia kama kawaida. Kilichobadilika ni nafaka: badala ya kutegemea shayiri, kampuni ilitumia mtama wa Epuripur, mbegu iliyotoka kwa watafiti wa Serere, Teso.

Serikali ya Uganda ikakubali kutoza bia hiyo ushuru mdogo kwa kuwa mazao yake ni ya nyumbani. Bei ikashuka, mnywaji wa kipato kidogo akaimudu, na mkulima wa mtama akapata mnunuzi mkubwa.

Lakini faida ya namna hii ni kama nyumba ya kupanga; masharti yamo mkononi mwa mwenye nyumba. Wanaopita Busia na Malaba wanakumbuka Senator Keg ya Kenya, bia ya bei nafuu iliyozinduliwa 2004 na kustawi kwa msamaha wa ushuru. Mwaka 2013 Nairobi ilipunguza msamaha huo hadi nusu. Mauzo yakaporomoka, na wakulima wa mtama waliokuwa wakiitegemea wakakosa soko.

Mbale kuna ubunifu wa aina nyingine, ambao mimi nauona mgumu zaidi kuigwa. Mwaka 2004 J.J. Keki, mkulima wa jamii ya Wayahudi wa Abayudaya, aliwafuata majirani zake Waislamu na Wakristo, wakaunda ushirika wa kahawa. Waliuita Mirembe Kawomera, yaani amani tamu. Kahawa yenyewe ni arabika ya Mlima Elgon, ileile ambayo Bugisu Cooperative Union imekuwa ikikusanya tangu miaka ya 1950. Wao walibadilisha namna ya kuungana, na jina lililoandikwa kwenye pakiti. Thanksgiving Coffee ya California ikainunua kwa bei ya biashara ya haki na kuiuza pamoja na habari za wakulima wenyewe.

Mchuuzi wa mpakani hana kiwanda wala mnunuzi California. Ana magunia kumi ya maharage, pengine. Akiyachambua, akayapima kwa kilo na kuyauza moja kwa moja kwa mwenye hoteli Kisumu, huyo naye amebadilisha biashara yake. Na kwa mazao ya ukanda huu yaliyomo kwenye orodha, yasiyozidi dola 2,000, cheti rahisi cha uasilia cha Jumuiya hutolewa palepale mpakani.