Mfupa Uotao Ndani ya Nyama ya Mguu

Wasikilizaji wetu, leo twataka kueleza habari za uvimbe mmoja wa mguu ambao wengine huuogopa kupita kiasi, na wengine huuharibu kwa kutaka kuuponya wenyewe.

Na tuseme mkulima wa Mwaya yumo shambani mwake mwa mpunga, mara jembe lamponyoka na kumpiga juu ya wayo. Ngozi haikupasuka, lakini damu ilivuja ndani na mguu ukavimba. Baada ya majuma machache maumivu yapungua, ila pale pale pamebaki donge gumu kama jiwe. Je, ni kitu gani?

Yamkini ni mfupa. Mwili unapotengeneza mahali palipoumia, mara chache hukosea: chembe hai zilizopasa kurudisha nyama hufanya mfupa. Mfupa huo si saratani, wala hauenei mwilini.

Lakini mtu asijiamulie mwenyewe, kwa kuwa mavimbe ya mguu hufanana. Jipu huwa na moto. Vitundu vitoavyo usaha wenye punje ndogo huenda vikawa ugonjwa wa maisetoma, ambao vijidudu vyake huingia kwa mwiba au jeraha. Na uvimbe usiokoma kukua, au uumao sana usiku, waweza kuwa saratani.

Daktari hutambuaje basi? Kwanza huuliza uvimbe ulianza lini, na kama mguu uliumia. Pili huupapasa. Tatu hupiga picha ya eksirei, ambayo miali yake iligunduliwa na Wilhelm Conrad Röntgen mwaka 1895. Katika majuma ya kwanza picha huenda isionyeshe kitu; kwa hiyo mgonjwa akiambiwa arudi baadaye, asidhani amedanganywa. Mfupa huu hukomaa kwanza kandokando, mfano wa ganda la yai, na kati hufuata. Saratani ya mfupa kwa kawaida huwa kinyume. Shaka ikibaki, hukatwa kipande kidogo na kutazamwa kwa darubini.

Dawa yake ya kwanza ni kupumzisha mguu, vidonge vya maumivu, na viatu visivyobana. Wengi hawahitaji kisu. Uvimbe ukizuia kutembea, daktari huutoa. Lakini hungoja ukomae, mara nyingi miezi sita au zaidi, kwani ukitolewa ungali mchanga waweza kurudi. Mgonjwa aanzie hospitali ya Kyela. Ikilazimu, atapelekwa hospitali ya rufaa Mbeya, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam.

Twawaonya mambo matatu. Msiukande kwa nguvu, maana nyama huumia tena na mfupa huzidi. Msiuchanje kwa wembe, kwani pepopunda huingia kwa njia hiyo. Wala msiuchome kwa chuma cha moto. Tena, mtoto aliyezaliwa na vidole gumba vya miguu vilivyopinda, kisha akaota mavimbe magumu mwilini, daktari aambiwe habari hiyo kabla ya kumkata. Huenda ana ugonjwa mwingine, ulio adimu mno, ambao kisu huuzidisha.

Mkulima na mvuvi hula kwa miguu yao. Basi, haraka ya kwenda hospitali ina baraka. Haraka ya kisu haina.