Sauti ya Marehemu Ndani ya Simu

Baada ya hitima, ndugu watatu wa tumbo moja walitujia barazani na simu. Ndani yake mlikuwa na sauti ya baba yao, maneno machache tu: akifa, nyumba iwe ya mwanawe wa mwisho. Mdogo aliona shauri limekwisha. Kaka zake walisema sauti imekatwa, kwani yaliyotangulia na yaliyofuata hayasikiki. Simu iliyorekodi ilikuwa imekwisha kuuzwa, na udugu ulikuwa ukingoni kuvunjika.

Katika mahakama za kawaida za Kenya, rekodi za sauti na video hupimwa kwa Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80. Kifungu cha 106B chataka cheti kinachoitambulisha rekodi, kikaeleza ilivyotolewa na chombo kilichotumika, kikatiwa saini na mwenye dhamana ya chombo hicho. Kifungu cha 78A, kilichoongezwa mwaka 2014, chaitaka mahakama itazame iwapo rekodi ilitengenezwa na kuhifadhiwa kwa njia ya kuaminika, iwapo imebaki kamili, na mwenyewe ametambuliwaje. Kupokewa rekodi ni jambo moja, uzito wake ni jingine. Na iliyopatikana kwa kuvunja haki za mtu, Katiba, ibara ya 50(4), yaamuru ikataliwe iwapo kuipokea kutaiharibu haki ya kesi.

Mahakama ya Kadhi, inayoamua ndoa, talaka na mirathi yetu, haifungwi na sheria hiyo. Hufuata kanuni za ushahidi za Kiislamu. Hata hivyo, msingi haupishani sana. Mwenye kudai ndiye mwenye kuleta ushahidi, na Suratul Hujurat, aya ya 6, yatufunza kuthibitisha habari kabla ya kuifuata. Sauti za watu huigwa tangu zamani, na leo hata mashine huziiga. Basi lazima iulizwe: nani alirekodi, nani alikuwapo, na iliyo kamili iko wapi?

Tuliwakumbusha jambo zito zaidi. Hata sauti ile ikithibiti, mrithi hausiwi mali ila warithi wengine waridhie. Wala haikuwa hiba, kwa kuwa baba hakuikabidhi nyumba uhaini mwake. Mdogo alinyamaza kitambo, kisha akawageukia kaka zake akawauliza kama wataridhia. Mmoja alikubali papo hapo. Wa pili aliomba muda, na ni haki yake.

Ndugu wasomaji, mwenye rekodi ya maana aihifadhi nzima, pamoja na simu iliyoinasa, wala asiikate na kuisambaza. Tusirekodiane kwa siri majumbani, kwani sura hiyo hiyo, aya ya 12, yakataza kupelelezana. Na mwenye kuusia aandike, ashuhudize waadilifu wawili, angali na afya yake. Simu huuzwa na sauti hupotea, na wanaobaki kugombana ni watoto.

Wabillahi tawfiq.