Dhahabu Ikivuka Mpaka

Mwaliko wa harusi ukitoka Maskati, Dubai au Leicester, nyumbani hujadiliwa nguo kwanza, kisha dhahabu. Kidani kikubwa kiende au kibaki? Na bangili za bibi je? Mabishano huishia kwa wezi: nani aliibiwa wapi, mtaa gani haupitiki usiku. Kazi yangu ni kukadiria hasara kwa niaba ya kampuni za bima, na kwa yale yanayofika mezani pangu, wezi ningewaweka nafasi ya tatu. Kabla yao kuna masharti ya tiketi, na kuna meza ya forodha. Hapo mali humtoka mwenyewe mchana kweupe, tena kwa mujibu wa sheria.

Nalisema hili kwa uchungu kwa kuwa najua dhahabu hiyo ni nini. Huku pwani dhahabu ya mwanamke ni zaidi ya pambo. Ni mahari yake, ni zawadi aliyovishwa na mama yake, ni fedha za upatu zilizogeuzwa bangili kabla hazijaliwa na matumizi. Mtoto akikosa ada, kipande kimoja huenda kwa sonara. Mume akifariki, hiyo ndiyo mali ambayo mwanamke anaweza kuisimamia bila kuomba ruhusa ya shemeji. Kwa hiyo anayeuliza kama aende nayo safarini anauliza kuhusu akiba yake ya maisha, na anastahili hesabu kamili.

Tuanze na begi. Safari nyingi za ndege za kimataifa zinaongozwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania, Kenya, Oman, Falme za Kiarabu na India zimejiunga nao. Mkataba huo unaweka kikomo cha fidia ya mizigo inayopotea, kuharibika au kuchelewa. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 kikomo hicho ni SDR 1,519. SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, na kiasi hicho ni sawa na dola 2,000 za Marekani hivi. Ni kwa abiria mmoja, hata kama alikuwa na mabegi matatu.

Sasa tupime. Oktoba 2025 bei ya wakia moja ya dhahabu, yaani gramu 31.1, ilivuka dola 4,000 kwa mara ya kwanza. Kwa bei hiyo, gramu moja ya karati 22, ambayo sehemu 916 kati ya 1,000 ni dhahabu safi, ina dhahabu ya takriban dola 118. Fidia yote ya mizigo yako, nguo na viatu vikiwemo, inatosha gramu 17 hivi. Hiyo ni bangili moja, na wala si nzito.

Tena hapo nimechukulia kwamba shirika la ndege limekubali kulipa. Masharti ya mashirika mengi yanakataza waziwazi kuweka vito na fedha taslimu kwenye begi linalokwenda chini ya ndege. Mkataba unampa abiria nafasi ya kutangaza thamani kubwa zaidi anapokabidhi mzigo na kulipia ziada, lakini ukifika kaunta ukasema begi lina dhahabu, aghlabu utajibiwa, "Mama, itoe uishike mwenyewe." Ni jibu zuri, lifuate. Kufuli na nailoni ya kuzungushia havibadilishi kitu.

Jihadhari pia na begi la mkononi. Ndege ikijaa, wahudumu huyakusanya mabegi madogo mlangoni na kuyapeleka chini pamoja na mengine, na abiria aliyechoka hukabidhi lake bila kukumbuka kilichomo. Dhahabu ikae kwenye kipochi kidogo unachoweza kukichomoa mara moja. Kwenye ukaguzi, kitie kipochi ndani ya mkoba kabla hujafika kwenye foleni, usimwage pete na hereni kwenye trei. Mwanamke anayetakiwa kuvua mtandio au bangili ana haki ya kuomba akaguliwe na mwanamke mwenzake, mahali pa faragha.

Baada ya hapo kuna forodha, na hapa nataka tukae kidogo. Kila nchi hutofautisha kitu chako unachokitumia na bidhaa unayoiingiza. Dhahabu haina tofauti hiyo usoni. Bangili ya miaka 20 ikisuguliwa kwa sonara inang'aa kama ya jana, na mwenye jukumu la kueleza ni wewe uliyeivaa.

Chukua India, ambako watu wetu wengi huenda kwa matibabu na wengine kwa harusi. Kwa muda mrefu India imetoza ushuru mzito kwa dhahabu inayoingia. Ulikuwa asilimia 15 hadi Julai 2024 uliposhushwa kuwa asilimia 6. Ushuru wa namna hiyo huzaa magendo, na wasafiri kutoka Afrika Mashariki wamekamatwa kwenye viwanja vya huko wakiwa na dhahabu mwilini. Basi afisa anapomwona mama aliyetokea Nairobi na bangili sita kila mkono, si lazima amwone mgonjwa. Mkazi wa India au mwenye asili ya huko anayerudi baada ya kuishi nje zaidi ya mwaka mmoja ana nafuu inayohesabiwa kwa uzito: gramu 40 kwa mwanamke, gramu 20 kwa mwanamume. Mgeni hutegemea kanuni ya vitu vya matumizi binafsi, na kanuni hiyo imebishaniwa hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 2017 ilimpa haki msafiri mwanamke aliyekuwa amenyang'anywa vito vyake. Alishinda, lakini baada ya miaka ya kesi. Aliyekwenda Chennai kufanyiwa upasuaji wa moyo hana nafasi hiyo.

Dubai wana utaratibu wa wazi zaidi. Msafiri wa miaka 18 na kuendelea anatakiwa kutangaza fedha, madini na vito vya thamani vinapozidi dirhamu 60,000. Kwa bei niliyoitaja, hiyo ni kama gramu 140 za karati 22, na bibi harusi mwenye seti kamili anaweza kuvuka hapo bila kujua. Kutangaza ni kuandikisha. Hakuna aibu ndani yake, na anayenyamaza ndiye anayejitia matatani.

Kisha kuna kurudi nyumbani, ambako watu husahau kabisa. Novemba 2023 Mamlaka ya Mapato ya Kenya ilipowakumbusha wasafiri kuhusu kikomo cha dola 500 kwa vitu vinavyoingizwa bila kodi, kelele zilikuwa nyingi. Viwango vya aina hii hubadilika, kwa hiyo uliza kabla hujaondoka. Vitu vyako ulivyokwisha kuvitumia si vilivyolengwa na kikomo hicho, ila tunarudi palepale: afisa atajuaje kwamba kidani hiki ulitoka nacho Mombasa na hukukinunua Deira, kule Dubai, wiki iliyopita?

Atajua kwa karatasi. Kabla ya safari, peleka kila kipande kwa sonara mwenye mizani, akuandikie barua yenye tarehe, uzito wa kila kipande, karati na alama zake, kisha uvipige picha juu ya mizani hiyo. Risiti ya zamani, hata iliyofifia, iende pamoja nayo. Picha ya harusi ya miaka iliyopita, umevaa kidani hichohicho, ni ushahidi ambao nimeuona ukimaliza ubishi palipokuwa hakuna risiti. Kisha fika mapema uwanjani, umwombe afisa wa forodha akuandikishie vitu hivyo kabla hujapanda ndege. Ndugu zetu wanaoishi Marekani wana fomu maalumu ya kazi hiyo, namba 4457, inayogongwa muhuri wakati wa kutoka.

Bima nayo inadhaniwa kufanya mengi isiyoyafanya. Ile inayodaiwa kwa viza ya Schengen, yenye kima cha chini cha euro 30,000, inatakiwa kugharamia matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani. Mali si sharti lake. Bima pana zaidi huwa na kikomo kwa kila kipande, hukataa kitu kilichoachwa bila mtu, na hudai taarifa ya polisi iliyotolewa mapema. Soma ukurasa wa vitu vya thamani kabla ya kulipa.

Hotelini pia sheria ina mipaka. Uingereza, chini ya sheria ya mwaka 1956, hoteli iliyobandika tangazo linalotakiwa hubeba dhamana isiyozidi pauni 50 kwa kitu kimoja na pauni 100 kwa mgeni mmoja, isipokuwa kosa likiwa la hoteli au watumishi wake, au kitu kilikabidhiwa rasmi kitunzwe. Ufaransa mali uliyoikabidhi mapokezi haina kikomo; iliyobaki chumbani kwa kawaida haizidi mara 100 ya bei ya chumba kwa siku. Ndiyo maana napendelea kukabidhi mapokezi kwa risiti kuliko kutegemea kabati la chuma la chumbani, ambalo wafanyakazi wana namna ya kulifungua mgeni anaposahau namba.

Jambo moja zaidi kwa familia za pwani zenye vitu vya kale. Bangili ya pembe ya ndovu au kitana cha gamba la ng'amba, hata kama ni cha bibi wa bibi, kinaangukia mkataba wa CITES wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Bila kibali hukamatwa, na aghlabu hakirudi. Hicho kibaki nyumbani bila mjadala.

Mimi ningekwenda na nini? Pete na hereni ambazo sizivui hata kulala, pamoja na seti moja ya siku ya sherehe ikiwa na barua yake ya sonara. Ziara ya kawaida, matibabu au umra, ambako msongamano ni mkubwa na mtu anavua na kuvaa kila mara, hata hiyo seti ningeiacha. Inayobaki isikae kabatini kwenye nyumba ambayo mtaa mzima unajua wenyewe wamesafiri; baadhi ya benki hukodisha masanduku, na ndugu mmoja unayemwamini apewe nakala ya orodha.

Na ikitokea begi limefika limefunguliwa, usitoke uwanjani kabla ya kuandikisha. Mkataba wa Montreal unatoa siku 7 tangu kupokea mzigo ulioharibika kulalamika kwa maandishi, siku 21 kwa uliochelewa, na miaka 2 ya kwenda mahakamani.